Tone Juu ya Kioo

Kazi yangu ni tone.
Lori likiingia getini, njia ya Kaliro,
limelemewa na miwa hadi majani yanafagia barabara,
nachomoa muwa mmoja, naukamua,
tone moja juu ya kioo,
nainua chombo kwenye mwanga
kama mtu anayechungulia tundu la funguo,
nasoma: kumi na saba. Kumi na tisa.
Huu haujakomaa, mwenyewe arudi nao.
Miaka kumi na mmoja nimepima utamu wa watu
na hakuna aliyewahi kupima wangu.

Leo, chini ya turubai nyuma ya ghala la magunia,
Tenywa wa maabara ananipa kijichupa
chembamba kuliko kidole changu cha mwisho.
"Tema, dada Kagoya. Usikohoe, usikwangue koo.
Inamisha kichwa, yaache yaje yenyewe."
Hana sindano. Nimemkagua mifuko kwa macho, hana.

Sindano naijua. Baba yangu Balikowa
aliiogopa kuliko nyoka wa kwenye miwa,
akaikwepa, akaikwepa,
mpaka kidonda cha kidole gumba kilipokataa kupona
na madaktari wa Jinja wakauchukua mguu hadi gotini.
Kiatu chake cha kushoto bado kipo uvunguni,
kipya.
Kiatu kimoja humpa nani?

"Hii si hukumu," anasema Tenywa,
"na bado tunaijaribu. Mate hunong'ona tu.
Yakinong'ona vibaya, tutaiomba damu iseme kwa sauti."
Nikalipenda neno hilo, kunong'ona.
Maana maradhi haya hayabishi hodi;
huketi kwanza barazani, miaka,
husalimia wapita njia, huomba maji ya kunywa,
huomba tena,
na kabla hujauliza jina lao yamekwisha kuhamia chumbani.

Basi tema, Kagoya.
Nikatema. Hakuna.
Kinywa kikavu kama unga wa muhogo.
Mate haya haya, yanayonijaa bila kuitwa
mbele ya kila sahani ya harusi ya watu,
mate ambayo jaja alinipaka kifuani siku ya kunipa jina,
ambayo mama alinifutia tongotongo mlangoni mwa shule,
ambayo nilimtemea Isabirye miguuni siku aliponiacha
(na hata leo nisingeyaokota),
leo yamegoma.

Wanawake wa kupakia magunia wakacheka.
"Waza ndimu!"
"Waza ukwaju, wewe!"
Nikawaza ndimu. Wapi.
Ndipo, bila kutaka, nikawaza muwa:
nina miaka sita, nimekaa ukingoni mwa mtaro,
naumenya kwa meno, pingili ya kwanza,
na baba amesimama kwa miguu yake miwili, panga begani,
ananiambia tafuna polepole, makapi usimeze,
na kinywa kikafunguka kama mfereji.
Kijichupa kikajaa hadi kwenye alama, kikapita,
povu likaning'inia mdomoni.
Machozi nayo yakaja;
kwa hayo Tenywa hakuwa na chupa.

Akaandika namba badala ya jina.
"Majibu Alhamisi ijayo," akasema,
akaniweka kwenye kibao chenye matundu, katikati ya wenzangu,
wapishi, walinzi, karani wa mishahara,
sote weupe, sote tunafanana.

Nikarudi kwenye kioo changu.
Lori la Waiswa linanguruma getini,
katoa kichwa dirishani, anauliza kama kila siku:
"Inasomaje leo, mama?"
Nikakamua. Nikainua kwenye mwanga.
"Ya kwako," nikamwambia, "kumi na nane."
Akapiga honi, akapita.
Nikakifuta kioo kwa kitambaa,
nikakifuta tena.